KIJIWENI: Akiuzwa biashara, akiondoka msaliti!

SIKIO la kulia linaniuma. Linaniuma kwa sababu ya mshikaji wangu mmoja aliyeko Toronto, Kanada, ambaye majuzi kanipigia simu akanishikilia saa nzima akilalama. Mwanzoni nilidhani kafiwa. Halafu nikadhani kaachishwa kibarua, au yule mchumba wake kapata bwana mwingine. Kumbe wapi! Jamaa analia na mkataba wa mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hata hamjui.

Mkataba wenyewe ni wa mcheza hoki. Usicheke. Mshikaji huyu alipoondoka Bongo alikuwa mtu wa soka, damu damu. Baridi ya kule ndiyo iliyomfundisha adabu. "Kaka," ananiambia, "huku ikifika miezi ya theluji, kama huijui hoki huna wa kupiga naye stori. Kwenye basi hoki, kazini hoki, kinyozi hoki."

Na hoki inayosemwa hapa si ile ya magongo tunayoijua sisi. Hii ni ya barafuni. Watu wamevaa viatu vyenye chuma chini, chembamba kama kisu, wanateleza kwa kasi ya ajabu, na badala ya mpira wanagombea kidude cheusi, bapa na kigumu. Wachezaji sita kila upande, kipa akiwemo. Wawili wakipandishiana hasira wanavua glavu wanazipiga kavukavu, marefa wamesimama pembeni wanangoja mmoja aanguke ndipo waamue. Burudani tosha.

Lakini mshikaji na wenzake wanabishana zaidi kuhusu ngawira kuliko magoli. Fulani analipwa kiasi gani, mkataba wake unaisha lini, abadilishwe na nani, akiondoka nafasi yake ya mshahara apewe nani. Wabeba maboksi wanaohesabu senti zao za nauli, lakini za mwenzao wanazijua mpaka ya mwisho! Nikamuuliza, hivi wewe tangu lini umekuwa mhasibu wa timu? Ndipo akanieleza kitu kinachoitwa kikomo cha mishahara, na mimi nakueleza wewe kama nilivyokielewa.

Chukulia mko kwenye shughuli. Mmezunguka sinia moja la pilau, walaji 23. Mwenye shughuli kasema sinia ni hilo hilo, hakuna nyongeza, hata kama stoo kwake magunia ya mchele yamefika darini. Sasa mmoja akijichotea minofu mitatu, si mwenye shughuli anayepungukiwa. Anayepungukiwa ni yule mnyonge aliyekaa upande wa pili wa sinia, ambaye ataambulia mchele mtupu na viazi.

Hivyo ndivyo ligi ya NHL inavyoendeshwa. Ina timu 32 za Marekani na Kanada, na kila mwaka inatangaza ukubwa wa sinia. Msimu wa 2005-06, ambao ndio wa kwanza kwa utaratibu huo, sinia lilikuwa dola milioni 39 kwa kila timu. Msimu wa 2025-26 likafika dola milioni 95.5. Uwe tajiri wa New York unayeogelea kwenye noti, uwe wa kimji cha pembeni, hiyo ndiyo mwisho wako. Timu inaruhusiwa wachezaji 23 tu kwenye kikosi, na wote washibe hapo hapo.

Na usidhani utaratibu huo ulikuja kwa chai na maandazi. Mwaka 2004 wenye timu waliwafungia wachezaji milango, wakasema bila kikomo hakuna mechi. Chama cha wachezaji kikakaza, wenye timu wakakaza. Tarehe 16 Februari 2005 msimu mzima ukafutwa. Kombe la Stanley halikupata mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1919, na huko 1919 sababu ilikuwa mafua yaliyokuwa yanaua watu duniani. Safari hii sababu ilikuwa pesa. Mwishowe wachezaji wakasalimu amri. Kikomo kikapita, na juu yake mikataba waliyokuwa wameshasaini ikafyekwa asilimia 24. Soma tena hapo: mikataba iliyokwisha kusainiwa!

Tuwe wakweli lakini. Wenye timu walikuwa na hoja. Kabla ya hapo timu za miji midogo zilikuwa zinakufa huku zinaonekana. Quebec walipoteza timu yao mwaka 1995, ikahamia Colorado. Winnipeg wakapoteza yao mwaka uliofuata, ikahamia Arizona. Na msimu ule wa kwanza wa kikomo, fainali ikawa Carolina na Edmonton, timu mbili ambazo si za miji ya matajiri wakubwa. Carolina wakabeba kombe mwaka 2006. Kwa hiyo sinia moja lina haki yake. Mdogo naye anapata kunawa mikono.

Tatizo linakuja pale sinia linapowageuza walaji kuwa maadui, na watazamaji kuwa mahakimu. Hapo ndipo timu ya mshikaji wangu inapoingia.

Timu yake ni Toronto Maple Leafs. Timu yenye jina, yenye pesa, yenye mashabiki kama siafu, na isiyo na kombe tangu mwaka 1967. Ndiyo, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Basi Julai 2018 wakamsajili John Tavares, mchezaji aliyezaliwa jirani kabisa na jiji hilo, kwa miaka saba na dola milioni 77. Siku ya kusaini akatoa picha yake ya utotoni amelalia mashuka ya Leafs. Mji ukazizima!

Furaha ikaleta gharama. William Nylander akagoma kurudi uwanjani mpaka alipwe anachotaka, akasaini tarehe 1 Desemba 2018, zimebaki dakika chache muda wa mwisho upite na akose msimu mzima. Mwaka 2019 Auston Matthews akachukua zaidi ya dola milioni 11.6 kwa mwaka, halafu Mitch Marner akachukua karibu milioni 10.9. Piga hesabu. Watu wanne wamebeba dola milioni 40 na ushee, na sinia zima lilikuwa milioni 81.5. Wanne wamekula nusu, waliobaki wote wanagombea nusu nyingine! Na kama haitoshi corona ikaingia, viwanja vikafungwa, mapato yakaanguka, na sinia likabaki milioni 81.5 kwa misimu mitatu mfululizo.

Hapo ndipo mabishano yalipopamba moto. Kambi moja inasema nyota ndio wanaoleta watu uwanjani, waache wale. Kambi nyingine inasema beki hatuna, kipa wa wasiwasi, tumbo la nyota limetuponza. Kila Leafs wakitolewa kwenye mtoano, na walitolewa sana, hasira zote zilimwangukia Marner. Kijana wa pale pale, amezaliwa Markham kando ya Toronto. Msimu wa 2024-25 alipata pointi 102, yaani magoli na pasi za magoli ukijumlisha. Hakuna aliyejali. Mei 2025 Leafs wakapigwa 6-1 nyumbani na Florida kwenye mechi ya saba ya kuamua, mashabiki wakazomea na kurusha jezi barafuni.

Mkataba wake ukaisha. Mwisho wa Juni 2025 ikatangazwa anakwenda Las Vegas, miaka minane, dola milioni 96. Na kule Nevada hakuna kodi ya mapato ya jimbo, wakati Ontario mwenye kipato cha aina yake, kila dola inayoongezeka juu, zaidi ya nusu inakwenda serikalini. Toronto ikalipuka. Msaliti! Mwenye tamaa! Mtoto wa nyumbani kauza mji!

"Kaka, hata mimi nilimwita hivyo," mshikaji ananiambia, na sauti bado ina uchungu.

Nikamwambia subiri kwanza tuweke mambo mezani. Yule Tavares mliyempokea kwa vifijo mwaka 2018, alitoka wapi? Alitoka New York Islanders, ambako alikaa miaka tisa na kufika kuwa nahodha. Mkataba wake uliisha, akaondoka akiwa huru. Kwenu nyinyi alikuwa mtoto aliyerudi nyumbani. Kwa wale aliowaacha je? Tarehe 28 Februari 2019 aliporudi kucheza kwao, walimzomea kila alipogusa mchezo na wakamtupia nyoka wa plastiki. Nyoka, msomaji wangu! Mtu yule yule, kitendo kile kile. Mji mmoja malaika, mji mwingine nyoka.

Sasa geuza shilingi uone upande wa pili. Mchezaji akiondoka mwenyewe baada ya mkataba kuisha ni msaliti. Je, timu ikimwondoa yeye mkataba ukiwa haujaisha?

Kule, timu inaweza kukubadilisha kama unavyobadilisha redio na saa. Hawakuulizi, labda uwe na kipengele maalumu kwenye mkataba cha kukataa, na hicho hupewa wachache. Unaamka Denver, unalala mji mwingine. Mkeo, watoto, shule, nyumba, utajijua. Waliobaki wanasema: "Ni biashara."

Muulize Mikko Rantanen, jamaa wa Finland. Amekaa Colorado karibu miaka kumi, kachukua nao kombe mwaka 2022. Msimu wa 2024-25 ulikuwa wa mwisho kwenye mkataba wake wa dola milioni 9.25 kwa mwaka, na timu ikaogopa bei atakayoitaka, maana tayari Nathan MacKinnon alikuwa anachukua milioni 12.6 kwenye sinia hilo. Tarehe 24 Januari 2025 wakambadilisha, akapelekwa Carolina. Akacheza mechi 13 tu, kisha tarehe 7 Machi Carolina nao wakampeleka Dallas. Timu tatu ndani ya wiki sita! Dallas wakampa miaka minane, dola milioni 96.

Halafu Mungu si Athumani. Kwenye mtoano Dallas wakapangwa na nani? Na Colorado. Mechi ya saba, tarehe 3 Mei 2025, Colorado wanaongoza 2-0 kipindi cha tatu na cha mwisho. Rantanen akaamka. Akafunga magoli matatu peke yake ndani ya kipindi hicho hicho, Dallas wakashinda 4-2, Colorado wakaenda kuvua samaki. Hakumtukana mtu. Alizungumza kwa gongo.

Na si mambo ya leo. Mzee mzima Wayne Gretzky, ambaye kule ni kama Pele kwenye soka, aliuzwa na Edmonton tarehe 9 Agosti 1988, miezi michache baada ya kuwapa kombe la nne. Kikomo kilikuwa hakijazaliwa. Mwenye timu, Peter Pocklington, alipata dola milioni 15 taslimu, wachezaji wawili vijana na nafasi tatu za kuchagua chipukizi, Gretzky akaenda Los Angeles pamoja na wenzake wawili. Alilia mbele ya waandishi wa habari. Bungeni kwao mbunge mmoja aliitaka serikali izuie uhamisho huo. Na unajua baadhi ya mashabiki walimlaumu nani? Mkewe! Walikuwa wameoana Julai ile ile, naye Janet Jones ni mwigizaji wa Kimarekani, basi ikawa mwanamke ndiye kampeleka mume kwao. Fundi wa dili yupo ofisini, lawama anabebeshwa bibi harusi. Dunia haina mpya.

Sasa nikupe kali ya mwaka. Utasema basi angalau sinia linambana kila mtu sawasawa. Thubutu! Mwaka 2021 Tampa Bay walibeba kombe huku mishahara ya kikosi chao ikiwa imepita kikomo kwa takriban dola milioni 18. Nyota wao Nikita Kucherov alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akakosa msimu wote wa kawaida. Sheria iliruhusu timu kuvuka kikomo kufidia mshahara wa majeruhi wa muda mrefu, na kwenye mtoano kikomo kilikuwa hakihesabiwi. Mtoano ulipoanza, mechi ya kwanza tu, Kucherov huyo barafuni, mzima kama kigae! Akamaliza akiwa kinara wa pointi wa mtoano, kisha kwenye sherehe akavaa fulana iliyoandikwa hizo milioni 18 za ziada. Sheria haikuvunjwa, na mlango ule umekuja kuzibwa kuanzia msimu wa 2025-26. Lakini umeona? Timu ikibanwa na sinia, mlango wa nyuma ulipatikana. Mchezaji wa kawaida anayelipwa kima cha chini hana wa kumfungulia.

Hapo mshikaji akaona namzidi, akatoa karata yake ya mwisho. "Kaka, na Connor McDavid je?"

Swali zuri. McDavid wa Edmonton ndiye wengi wanamwita bora duniani. Wamefika fainali mwaka 2024 na 2025, mara zote wakafungwa na Florida. Mwisho wa Septemba 2025 Kirill Kaprizov wa Minnesota alisaini miaka minane kwa dola milioni 136, yaani 17 kwa mwaka, rekodi ya ligi wakati huo. Kila mtu akajua McDavid atapita hapo. Wiki moja baadaye akasaini miaka miwili tu, kwa milioni 12.5 kwa mwaka, kiasi kile kile alichokuwa anapata tangu mkataba wake wa mwaka 2017. Kaacha mamilioni mezani ili wenzake wapate kula na timu ijengwe.

Mashabiki wakashangilia kote: huyo ndiye mwanaume! Mbona wengine hawafanyi hivyo?

Mimi simpingi McDavid. Jasho lake, uamuzi wake. Lakini angalia alivyofanya. Amepunguza bei, na amesaini miaka miwili tu, si minane. Maana yake anawaambia wakubwa: nimewasaidia, sasa nionyesheni, la sivyo tutaonana mlangoni. Huo si upole wa kondoo. Na Tavares naye, yule aliyeitwa mlafi kwa milioni 11, akiwa na umri wa miaka 34 mwaka 2025 alikubali kubaki Toronto kwa chini ya milioni 4.4 kwa mwaka. Wapo wanaopunguza. Ila kupunguza ni hisani, na hisani hailazimishwi. Ukimlazimisha mtu hisani, jina lake linabadilika, inaitwa makato.

Ninachokiona mimi ni kwamba kikomo kimewapa wenye timu zawadi ambayo hata wao hawakuiomba. Mashabiki hawagombani tena na mwenye stoo. Wanagombana na mlaji mwenzao. Mshikaji wangu anajua mshahara wa Marner mpaka senti, lakini nilipomuuliza mwenye timu aliingiza kiasi gani mwaka huo, kimya. Tiketi imepanda? Kimya. Jezi? Akaguna.

Basi nikaamua kummaliza. Nikamkumbusha jambo lake mwenyewe. Mshikaji huyu alifanya kazi ghala moja miaka minne, siku zote akiambiwa "sisi hapa ni familia". Siku moja familia ikampeleka zamu ya usiku bila kumuuliza, na masaa yakapunguzwa. Alipopata ghala jingine linaloongeza dola mbili kwa saa, aliaga Ijumaa, Jumatatu yuko kwingine. Nikamuuliza:

"Wewe ulipoondoka pale, ulikuwa msaliti?"

"Ah, kaka, ile ilikuwa maisha."

"Na Marner?"

Simu ikakaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Lakini kaka, ungefunga basi hata mechi ya saba!" Nikacheka na mimi. Hapo sina ubishi. Mchezaji akicheza vibaya mzomee, tiketi umelipa wewe. Magoli ni haki yako kuyadai. Ila kumhukumu mtu kwa sababu mkataba wake umekwisha na yeye kachagua pa kwenda, hiyo siyo haki yako, na wala si yangu.

Nakuachia na wewe msomaji, hasa wewe kijana unayeamka alfajiri kugombea daladala kwenda kibaruani. Siku bosi atakapokuambia "hapa ni familia", usibishe, shukuru. Ila muulize kwa adabu: hii familia inaweza kunihamisha bila kuniuliza? Kama jibu ni ndiyo, basi na wewe siku mkataba ukiisha una ruhusa ya kufunga begi lako, kuaga vizuri, na kuondoka kichwa juu. Nyoka wa plastiki watatupwa tu. Hawaumi.

Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Na wewe mshikaji wa Toronto, ukisoma hii usinipigie, nitumie hela ya dawa ya sikio!